Bili Ziko Mezani

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo shida ya fedha ilikuwa siri ya chumbani. Baba na mama walinong'ona usiku. Asubuhi tuliambiwa chai ya rangi ndiyo inayofaa kwa afya. Nilipohamia Illinois, Marekani, nilikuja na desturi hiyo ndani ya sanduku. Mimi na mume wangu tulizungumzia bili jikoni kwa sauti ya chini, na mtoto akiingia tunabadilisha mazungumzo. Ndugu waliobaki nyumbani walijua niko "hospitali". Ukweli ni kwamba nawaogesha wazee na kuwabadilisha nepi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku.

Kilichonitoa kwenye usiri huo ni kichekesho cha televisheni, wala sioni haya kulisema hilo. Bibi mmoja ninayemhudumia hapati usingizi, na runinga yake usiku kucha hurudia vipindi vya zamani. Anachokipenda kuliko vyote ni Roseanne.

Kilianza kurushwa na ABC tarehe 18 Oktoba 1988. Familia ya Conner inaishi Lanford, mji wa kubuni, lakini umewekwa huku huku Illinois. Dan, baba mwenye nyumba, ni fundi jipsamu. Leo ana kazi, kesho hana. Roseanne, mkewe, yuko kiwandani, Wellman Plastics. Kuna watoto watatu, kuna mdogo wake Roseanne, Jackie, ambaye haishi hodi, na kuna kochi lililotandikwa kitambaa cha kufuma cha rangi rangi ambacho mama yangu angekiona angeuliza nani kawapelekea Wazungu.

Kipindi cha kwanza kabisa hakina kisa kikubwa. Sinki limeziba na Dan hajalizibua. Shuleni wanamwita mama kwa sababu binti yake Darlene amebweka darasani kama mbwa, na mama inabidi amwombe msimamizi wake kutoka saa moja kabla ya wakati. Saa moja! Mtu wa mshahara wa mwezi atacheka na kupita. Sisi tunaolipwa kwa saa tunajua ombi hilo linavyokwama kooni. Mwishoni mwa msimu huo bosi mpya anaongeza kiwango cha kazi, anakubaliana na Roseanne akipunguze, kisha anavunja ahadi. Wanawake wanaacha kazi. Baada ya hapo Roseanne anauza magazeti kwa simu, anafagia saluni, anahudumia mezani. Huo ndio mlolongo wa kazi wa nusu ya wanawake ninaosali nao.

Kipindi kilichonigusa zaidi kinakuja baadaye. Duka la pikipiki alilolifungua Dan limefilisika, na wanakatiwa umeme. Nyumba giza, watoto wapo. Nilisubiri mama awadanganye kitu. Hakudanganya. Alitania tu kwamba kuwa watu wa tabaka la kati kulikuwa na raha yake. Bibi alicheka mpaka nikamwinua kwenye mto. Mimi nilibaki nikiwatazama wale watoto: hawakuogopa. Walijua hali, na mama yao alikuwa anaijua pamoja nao.

Januari moja bili ya gesi ya kupasha nyumba joto ilikuja nene. Nikaiweka mezani wakati wa chakula, na nyingine zote nikazipanga kando yake. Mume wangu aliniangalia kama nimevua nguo. Binti yetu mkubwa akachukua simu akaanza kujumlisha. Mdogo wake akauliza kwa nini mchango wa harusi ya binamu ambaye hajawahi kumwona unatangulia viatu vyake vya baridi. Hatukuwa na jibu, basi viatu vikatangulia.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mwezi huu sina. Kimya. Kesho yake shangazi akapiga. "Mwanangu, kumbe na huko kuna mwezi wa dhiki?" Nikamwambia upo, shangazi, na nikamweleza kazi yangu ilivyo, nepi na yote. Akasema aliwahi kumuuguza mama yake mwenyewe miaka minne, hakuna aibu hapo. Mficha uchi hazai.

Sasa, lazima niseme na hili. Mwaka 2018 kipindi kilirudi, na Mei mwaka huo Roseanne Barr, mwigizaji mkuu ambaye kipindi kina jina lake, akaandika kwenye Twitter maneno ya kibaguzi kumhusu Valerie Jarrett, mwanamke mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Obama. ABC wakakifuta siku hiyo hiyo. Familia iliendelea bila yeye kwa jina la The Conners hadi 2025. Mimi ni mweusi na maneno yale yaliniuma, sijamsamehe. Ila kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. John Goodman, yule Dan, yumo, Laurie Metcalf, yule Jackie, yumo, na waandishi wengi. Naendelea kuitazama. Msimu wa tisa tu, waliposhinda bahati nasibu, huwa namwomba bibi tubadilishe chaneli.

Na wewe uliye ughaibuni, ukimpigia mama wiki hii, mwambie unafanya kazi gani.