Kile Ambacho Mshahara Haukuonyesha

Vijana wa Kindu, mashariki mwa Congo, wanapomsikia mzee wa reli akisema pensheni haimtoshi, wengi huhukumu haraka: alikula mshahara wake, akasahau uzee. Wanamhukumu bila kujua mshahara wenyewe ulikuwa nini. Tangu enzi ya CFL, kampuni iliyoundwa mwaka 1902 na iliyojenga reli ya Kindu hadi Kongolo, fedha taslimu ilikuwa sehemu tu ya ujira. Sheria ya kikoloni ilimtaka mwajiri amlishe mfanyakazi, ampe makazi na amtibu. Mchele, mafuta ya mawese, chumvi na samaki mkavu viliingia nyumbani kama posho, tena kwa kipimo kilichojulikana. Paa lilikuwa la kampuni, na kidonda kilifungwa bendeji katika zahanati ya kampuni. Mama wa nyumba alipopanga mwezi, alihesabu vitenge, sombe, matanga na zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana. Kodi ya nyumba haikuwamo, wala dawa. Alikuwa hodari wa hesabu, ila hesabu aliyopewa ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuja baba alipostaafu, kwa sababu nyumba ilifuata kazi, na kazi ilikuwa imekwisha.

Utasikia hoja kwamba angeweka akiba. Angeiweka katika fedha gani? Siku ya Krismasi ya 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Zidisha mwenyewe: faranga moja ile ni zaire za zamani bilioni 300. Aliyenunua parseli katika Mikelenge au Alunguli, mitaa ya Kindu, badala ya kulimbika noti hakuwa na elimu ya benki, lakini aliona mbali kuliko washauri wa leo wanaohubiri kuweka asilimia fulani ya mshahara, kana kwamba mshahara hufika kila mwezi.

Majina yamebadilika: CFL ikamezwa na kampuni ya reli ya taifa, SNCZ, mwaka 1974, kisha ikaja SNCC; INSS ya 1961, mfuko wa pensheni, imekuwa CNSS. Umri wa kustaafu sasa ni miaka 60. Posho imekwisha, na hilo ndilo linaloudhi: mfanyakazi wa leo hana kinga ya zamani, lakini bado anapanga uzee kama aliye nayo.

Mtu atasema leo kuna dola. Ni kweli, dola huhifadhi thamani kuliko faranga, lakini dola za mtu asiye na nyumba humwendea mwenye nyumba. Watoto wake nao si tegemeo: wana ada za shule za watoto wao. Bajeti ya kweli basi ianzie kwenye orodha ya vitu vyote ambavyo kazi inalipia kimyakimya, kila kimoja kikadiriwe kwa bei ya sokoni, na pensheni iachiwe vitu vidogo, chumvi na sabuni. Mengine yatoke kwenye mali inayozalisha, ila shamba la mpunga lahitaji nguvu ambazo mzee hana. Vyumba viwili vya kupangisha na michikichi vinamfaa zaidi. Mchikichi huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo wa kuupanda ni mwenye miaka 50, angali ana mshahara wa kumlipa mfyekaji.