Stadi Sita Kabla ya Kupanda Jabal Akhdar

Ukitoka Muscat kwenda Jabal Akhdar, polisi wa Birkat al Mawz hulirudisha gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Ndiyo maana wengi wetu huku tuna Land Cruiser kuukuu, na gereji za Wadi Kabir hazikosi wateja.

Langu lina stadi sita kila gurudumu, zile bolti zinazoshika nati. Mbili za nyuma zilikatika, kwa kuwa bunduki ya upepo ilikuwa imezikaza kupita kiasi hadi chuma kikavutika. Mwenye gereji, Mwomani mzaliwa wa Unguja, alinijibu kwa Kiswahili: "Mwanangu, utateremkaje mlima na nati nne, na watoto nyuma?"

Hakubadilisha mbili tu. Alivua ngoma ya breki, akazigonga zote sita zikatoka, maana zilizobaki zilikwisha kubeba mzigo wa wenzake. Wodini nalijua hilo: wawili wasipofika zamu, watazame waliobaki. Akaingiza mpya, akazivuta kwa nati na washa mpaka vichwa vikakaa barabara. Gurudumu liliporudi, alikaza nati kwa kukingamisha, uzi ukiwa mkavu, bila mafuta.

Akaagiza nikaze tena baada ya kilomita 100. Tuliposimama Izki, nati moja ilikubali robo mzunguko.

Nawe ukibadilishiwa tairi, omba nati zimalizwe kwa spana ya mkono.