Kina cha Mstari, Kina cha Historia

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeithibitisha mahali ambapo wanafasihi ni nadra kupita: katika programu ya kukagua vina na mizani ninayoiandaa kwa ajili ya tasnifu yangu, nikishirikiana na mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta.

Msimbo wetu tunauhifadhi kwa Git, mfumo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko huwekwa pamoja na tarehe na jina la mwenye kulifanya. Tunapowasilisha badiliko, mkondo wa ujenzi katika GitHub Actions huchota nakala ya hazina yetu, kisha SonarQube huichambua kubaini kasoro. Kwa kawaida, mkondo huo huchota badiliko la mwisho pekee, yaani kina cha 1, ili kuokoa muda. Kwa ujenzi hilo latosha. Kwa uchambuzi halitoshi, kwani pasipo historia mistari yote huonekana kuwa kazi ya mtu mmoja na siku moja. Mchambuzi hawezi kupambanua kipya na cha kale. Tiba yake ni kuweka kigezo cha fetch-depth kuwa 0 katika hatua ya kuchota, nayo historia nzima ikaletwa.

Je, sisi wahakiki huchota kwa kina kipi? Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. William Hichens akazichapisha mwaka 1940, naye Mohamed Abdulaziz akazishughulikia upya mwaka 1979. Anayesoma toleo moja bila kuyauliza yaliyolitangulia humbebesha Muyaka kila neno. Kina kikivunjika, atamlaumu mshairi, ilhali huenda kilivunjikia mkononi mwa mnakili. Tena jina la Mwalimu Sikujua, Mswahili aliyetuhifadhia urithi huo, ndilo litakalofifia kwanza.

Kwa sababu hiyo, nimeazimia kuwa katika tasnifu yangu kila ubeti utaandamana na nasaba yake: umetoka toleo lipi na umepitia mikono ya nani. Kazi hiyo ni ndefu na muda wa uzamili ni mfupi. Hata hivyo, afadhali nihakiki beti chache ninazozijua asili kuliko diwani nzima isiyo na historia.