Mkono Uliosukuma

Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa kungoja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikatikia kwenye kivuko cha Ndundu, ukingoni mwa Mto Rufiji, na msafiri alilala hapo akiomba maji yasipande. Hata mwaka 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, mabasi yalikwama na abiria wakakaa kando ya lami na watoto wao. Hapa Nanganga, mahali ambapo njia ya Masasi inaachana na ile ya Ruangwa, kungoja ni sehemu ya siku. Tunangoja gari, tunangoja mvua, tunangoja malipo ya korosho. Kwa hiyo sikudhani kwamba foleni ya watoto wanaokwenda kucheza ingeweza kuniumbua. Iliniumbua, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mwaka 2023 Idd el-Hajj iliangukia mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa tumewaahidi wanetu kwamba wakubwa wawili wakimaliza kuhifadhi Juzuu Amma, tutawapeleka Dar es Salaam. Wakamaliza, na ahadi ikawa deni. Shemeji yangu anayeishi Mbagala akatupigia simu kutuarifu kuwa katika bustani moja ya michezo, kando ya bahari, pamefunguliwa sehemu mpya yenye miteremko mirefu ya maji ambayo watoto huteleza hadi bwawani. Tangu siku hiyo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Newala ambaye tunaishi naye, alitutazama tukifunga mizigo, akasema, "Mnasafiri siku nzima mkapange mstari? Sisi tulipanga tupate maji ya kunywa." Tukacheka, tukambusu mkono, tukaondoka.

Tulikwenda bustanini siku ileile ya Idd Mosi, baada ya swala na baada ya shemeji kuchinja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, nalo lilikuwa letu wenyewe, kwa maana kila mzazi mwenye watoto alikuwa na wazo hilohilo. Tulikuta foleni tatu: ya kukata tiketi dirishani, ya kuingia getini, na ndani, ndefu kuliko zote, ya kupanda ule mteremko mpya. Mume wangu na mwanetu wa kiume wakaenda dirishani. Mimi nikabaki getini na mabinti wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka minne.

Getini hapakuwa na mstari bali umati. Lango lilifunguliwa nusu, wakaingia watu kama ishirini, likafungwa. Kila lilipofungwa, walio nyuma, wasioona yanayotendeka mbele, walizidi kusogea wakidhani njia i wazi. Jua lilikuwa kali. Wanaume na wanawake tulibanana pasipo stara, mitandio ikivutwa, na maneno yasiyofaa kusemwa siku ya Idd yakasikika. Mume wangu alinifikishia tiketi kwa kuzipitisha juu ya vichwa vya watu, kisha akasukumwa nyuma, nisimwone tena. Ikapita saa nzima. Mzee mmoja aliyevaa kanzu, ameshika mkono wa mjukuu wake, akaniambia kwa upole, "Mama, nipishe nisogee ukutani, pumzi inanibana." Nikamjibu kwamba sote tunangoja. Akapenya kwa shida upande mwingine. Ndipo lango likafunguliwa tena, nami nikanyoosha mkono wa kulia nikamsukuma aliyekuwa mbele yangu nipate kuingia. Nikaingia na binti yangu mkubwa aliyeng'ang'ania baibui langu. Nilipogeuka, mdogo hakuwapo.

Mkono uliosukuma ndio uliokuwa umemshika mwanangu. Sikumbuki kuuachia. Nakumbuka tu kwamba kwa muda wa kufumba na kufumbua, nafasi ya kuingia ilikuwa na thamani kwangu kuliko kitu chochote duniani.

Zilipita dakika 25 kabla ya kumpata. Sitaeleza dakika hizo, kwa maana mzazi aliyewahi kupotelewa na mtoto anazijua, na ambaye hajapotelewa namwombea asizijue. Binti yangu alikuwa ameanguka. Aliyemwona ni yule mzee. Alikuwa amekwisha kuufikia ukuta, akamvuta mtoto kwa mkono, akamsimamisha pamoja na mjukuu wake katikati yake na ukuta, akaukingia umati mgongo hadi ulipolegea. Nilipofika nikilia, hakunilaumu. Alisema tu, "Mchukue mwanao, mama. Amepoteza kiatu kimoja, basi." Laiti angenilaumu.

Tungeweza kurudi Mbagala saa ile, lakini watoto walikuwa wamesafiri kutoka Nanganga kwa ajili ya mteremko ule. Mume wangu alipoingia, tukapanga mstari wa tatu. Huo ulikuwa mstari wa kweli, wenye kamba pande mbili, na japokuwa ulikuwa mrefu hakuna aliyeumia. Adhana ya Alasiri ikatukuta katikati. Tukiondoka tutapoteza nafasi, tukibaki swala itachelewa. Nyuma yetu ilikuwapo familia ya Temeke. Mama wa familia ile akasema, "Nendeni mkaswali, sisi tutawashikia nafasi. Mkirudi, tutakwenda sisi." Tukaenda kwa zamu, nao wakaenda kwa zamu. Nikiwa nimesimama kuwashikia nafasi, nilikumbuka kwamba dini yetu ina swala ya khofu, ambamo kundi moja huswali na jingine hulinda, kisha hubadilishana. Ikiwa hata vitani Waislamu wamefundishwa kupeana zamu, iweje tushindwe mbele ya bwawa la kuogelea? Baada ya saa mbili na zaidi mwanangu akapanda, akateleza, na katika muda usiotosha kusoma Suratul Fatiha akawa amefika chini.

Usiku ule sikulala. Mume wangu alinikumbusha Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto wapatao 20 walifariki mjini Tabora katika ukumbi walimojazana kusherehekea. Na tarehe 1 Januari 2023, miezi michache tu kabla ya safari yetu, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walifariki Kampala katika jengo la maduka la Freedom City, waliposongamana kwenye njia nyembamba wakienda kutazama fataki za mwaka mpya. Wote hao walikuwa wametoka nyumbani kwenda kufurahi.

Tangu hapo nimejifunza jambo ambalo natamani kila mzazi alijue. Wengi hudhani kwamba katika msongamano watu hufa kwa kukanyagwa. Kwa kawaida hufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama, kwa kuwa kifua kilichobanwa mbele na nyuma hakiwezi kutanuka. Wanapofika watu sita au saba katika eneo la mita moja ya mraba, hakuna tena mwenye hiari ya mwili wake, na umati huenda kama maji, kwa mawimbi. Anayesukuma nyuma haoni anayebanwa mbele. Kila mmoja anasukuma kidogo tu, kama nilivyosukuma mimi, na "kidogo tu" hizo hujumlishwa juu ya kifua cha mtoto.

Tuliporudi Nanganga, mama mkwe alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatusimulia Newala ya utoto wake. Uwanda wa Makonde uko juu, na udongo wake wa mchanga hunywa mvua yote. Maji yalikuwa mabondeni, chini ya makorongo, na mradi wa kuyapandisha kwa mitambo, ulioanza miaka ya 1950, haukuwahi kuwatosha watu wote. Wanawake waliamka usiku kwenda kupanga ndoo. Ndoo ilisimama mahali pa mwenyewe, naye akakaa kivulini, wala hakuna aliyeisogeza. "Lakini akija mjamzito, au kikongwe, au mwenye mgonjwa nyumbani," alisema, "ndoo yake tuliichukua sisi wenyewe tukaiweka mbele. Hakuomba. Mstari usiompisha mnyonge si mstari, ni vita." Nikamkumbuka yule mzee na pumzi yake. Yeye aliomba, na sikumpisha.

Siku ile ya Idd tuliyokuwa tukisukumana Dar es Salaam, mahujaji walikuwa Mina, wametoka Muzdalifa. Katika hijja yake, Mtume (SAW) alipoondoka Arafa alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakipigwa ili wakimbie. Akawaashiria watu kwa mjeledi wake, akawaamrisha utulivu na kuwafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza. Na usiku wa Muzdalifa, mkewe Bi Sauda (RA), aliyekuwa mzito wa mwendo, alimwomba ruhusa aondoke kabla ya msongamano wa watu, naye akamruhusu. Nilikuwa nikiyajua masimulizi haya tangu madrasa, lakini sikuwahi kuyaona kama maelekezo ya namna ya kuishi na umati. Hakumwambia Bi Sauda avumilie pamoja na wengine. Wenye nguvu aliwaamuru watulie, na mnyonge akampa njia mapema.

Hapo nikaelewa nilipokosea. Nilidhani subira ni kusimama saa nyingi juani bila kulalamika, na kwa hesabu hiyo nilijiona mvumilivu. Kumbe nilikuwa nimesimama tu. Subira ingekuwa kumpisha mzee, au kuacha lango lifunguliwe na kufungwa mara tano zaidi bila mimi, au kuwaambia watoto, "Leo hapana, twendeni ufukweni."

Mwaka uliofuata tulirudi, safari hii pamoja na Bibi yao. Hatukwenda siku ya Idd. Tulikwenda siku chache baadaye, katikati ya juma, tukafika kabla ya lango kufunguliwa. Sehemu iliyokuwa mpya ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Asubuhi tuliwapiga watoto picha wakiwa na nguo walizovaa, ili akipotea mmoja tusianze kukumbuka rangi ya shati. Tuliwaandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu. Tulikubaliana mahali pa kukutana, penye kivuli, mbali na geti, na tulipoingia tulitazama kwanza milango ya kutokea. Tuliwaanzisha watoto kwenye ule mteremko uliokuwa mpya kabla foleni haijakua, tukayaacha mabembea kwa baadaye. Tulibeba maji na tende. Mstarini Bibi yao aliwategea vitendawili, na alipochoka wakasomeana sura walizohifadhi.

Niliwafundisha pia wafanye nini watu wakianza kubanana. Mdogo abebwe juu, asiachwe chini. Kiatu kikivuka kiachwe, asiiname mtu kukiokota. Mikono iwekwe mbele ya kifua ili pumzi ipate nafasi. Usishindane na wimbi la watu. Likitulia, sogea kwa ubavu kuelekea pembeni, lakini usijibanze kwenye ukuta au lango ambalo watu wanalisukumia. Yule mzee alinusurika kwa sababu ukuta wake ulikuwa kando ya mkondo. Na kabla ya yote hayo, ukiona huwezi tena kuinua mkono wako hadi usoni, umekwisha kuchelewa. Ondoka mapema kuliko hapo, hata kama tiketi umelipia. Fedha ya tiketi hurudi na msimu wa korosho.

Karibu na saa sita watu waliongezeka. Nyuma yetu alisimama mwanamke mjamzito na mtoto mgongoni. Kabla sijasema neno, binti yangu mdogo, yule aliyepoteza kiatu, aliivuta kanga ya Bibi yake akamnong'oneza. Kisha akamshika mkono yule mwanamke na kumleta mbele yetu. Waliokuwa mbele yetu wakatazama, wakampisha nao, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika mwanzo wa mstari. Mama mkwe hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeiona ndoo ikiwekwa mahali pake.

Yule mzee wa kanzu sijamwona tena, wala sikumwuliza jina. Namwombea dua kila Idd inapofika. Mwenyezi Mungu (SW) amlipe kheri, atusamehe sisi tuliosukuma, na aturudishe majumbani na wanetu wote, kila tunapotoka nao kwenda kufurahi. Amin.