Modemu Iliyongoja Mlio wa Marekani

Ndugu msomaji, mwisho wa mwezi wa Septemba mwaka 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya kuingia katika intaneti kwa kupiga simu. Habari hiyo haikuwashtua wengi huku kwetu. Vijana wa leo hawajapata kuisikia sauti ya modemu: mlio mfano wa jogoo aliyekabwa koo, ukifuatwa na mvumo kama wa mvua juu ya bati, uliokuwa dalili kwamba mashine mbili zinasalimiana na kupatana mwendo wa mazungumzo yao. Lakini wewe uliyekuwa na simu ya waya nyumbani katika miaka ya 1990, au mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapana shaka waikumbuka. Pengine wakumbuka pia ugomvi uliozuka kila mtu alipoinua mkono wa simu sebuleni na kuyavunja mazungumzo hayo katikati.

Nataka kukusimulia jinsi modemu ilivyopata kufanya kazi nyumbani kwetu, Dar es Salaam, mwaka 2006, katika kompyuta iliyoendeshwa na Linux. Ni kisa cha mashine, ila kilitokana na barua.

Baba yetu alifariki mwishoni mwa mwaka 2005. Dada yangu mkubwa alikuwa Muscat, Omani, akifanya kazi ya uuguzi, na ruhusa ya kusafiri haikupatikana kwa wakati. Marehemu akazikwa yeye hayupo. Kwa simu walizungumza, yeye na mama, lakini simu ya nchi za nje ilikuwa ghali, na mtu anayehesabu dakika hawezi kuusimulia msiba. Walilia zaidi ya walivyosema. Mama akaandika barua mbili kwa mkono wake, kwa herufi zile kubwa kubwa alizofundishwa katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na zote mbili hazikumfikia dada. Ikabaki njia ya barua pepe. Vibanda vya intaneti vilikuwa vimejaa mjini wakati huo, lakini mama alikataa katakata. Alisema hawezi kukaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya vijana wanaotafuta wachumba, akatamka kwa sauti jinsi mumewe alivyokata roho, nami nikiandika huku jirani akisikiliza. Sikuona la kumjibu.

Kompyuta tulikuwa nayo. Marehemu aliinunua kwa mtu, imekwisha kutumika ofisini, na programu zake zilikuwa zimeliwa na virusi hata haikuweza kufungua faili. Ndipo nilipoweka Linux. Yafaa nikueleze kidogo jambo hili. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Maandishi yote ya programu hiyo yako wazi: awezaye kuyasoma huyasoma, awezaye kuyarekebisha huyarekebisha na kumpa mwenzake. Ikiwa simu yako ya mkononi ni ya Android, basi kiini cha Linux kimo ndani yake hivi sasa unaposoma ukurasa huu. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alianzisha toleo la Linux liitwalo Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu, na kwa miaka kadhaa diski zake zilipelekwa kwa posta bure kwa kila aliyeziomba, popote alipo duniani. Niliomba, na bahasha ikafika bila ya kunigharimu senti.

Mwaka huohuo wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini zinazosema Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa maandishi ya programu hizo yalikuwa wazi, na hapakuwa na tajiri wa kupigiwa magoti. Nalitaja hili kwa sababu kinyume chake ndicho kilichotukwamisha sisi.

Ndani ya kompyuta yetu mlikuwa na kadi ya modemu, na nyuma yake tundu la kuchomeka waya wa simu. Nikachomeka. Linux ikawaka vizuri, picha na sauti zikafanya kazi, ila modemu haikuonekana kabisa. Nilipoiamuru kompyuta iorodheshe vifaa vilivyomo tumboni mwake, kadi ilitajwa kwa jina na namba. Lakini kuijua kwa jina na kuweza kuituma ni mambo mawili.

Waya wa simu ya kawaida, ndugu msomaji, ulitengenezwa uchukue sauti ya binadamu, yaani mitetemo kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Kompyuta haina sauti; ina namba tupu, moja na sifuri. Kazi ya modemu ni kuzigeuza namba hizo ziwe sauti zinazoweza kupita katika waya, na ile ya upande wa pili huzigeuza sauti ziwe namba tena. Kazi hiyo yataka hesabu nyingi na za haraka sana. Modemu za zamani zilikuwa na akili yake zenyewe, yaani kijimtambo cha kupigia hesabu hizo, na kompyuta yoyote iliweza kuziagiza kwa amri chache zinazojulikana kila mahali, amri zilizotokana na modemu ya kampuni ya Hayes ya mwaka 1981. Kila amri huanza kwa herufi AT, kama mtu anayeita "Sikiliza!" kabla ya kusema neno lake.

Baadaye watengenezaji wakagundua njia ya kupunguza gharama. Wakaiondoa akili katika kadi, wakaiacha na masikio na mdomo tu, na hesabu zote wakaitwisha kompyuta yenyewe kwa programu maalumu. Bei ikashuka. Lakini programu ile iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, na namna kadi inavyofanya kazi ikafanywa siri ya kampuni. Kwa mwenye Linux kadi hiyo ilikuwa bubu. Watu wa nchi mbalimbali walijitolea kuifumbua siri hiyo, kadi baada ya kadi, na kwa baadhi walifaulu. Kulikuwa na programu moja iliyogawiwa bure ikiruhusu mwendo wa biti 14,400 kwa sekunde tu. Aliyetaka mwendo kamili alitakiwa kulipa. Na programu zote hizo zilipatikana wapi? Katika intaneti! Ni sawa na kufungiwa nje ya nyumba, na ufunguo uko mezani ndani.

Huu ndio urahisi ambao mimi siupendi hata leo. Kifaa kinauzwa bei ya chini kwa sababu nusu yake imebaki mkononi mwa muuzaji, na mnunuzi hagundui hivyo mpaka siku atakapotaka kukitumia kwa namna ambayo muuzaji hakuikusudia.

Mjomba wangu alikuja Jumamosi moja kumtazama dada yake. Yeye alikuwa fundi wa simu mstaafu. Alianza kazi enzi za ile Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, kisha akaendelea katika Shirika la Posta na Simu, akipanda nguzo na kushuka mashimoni. Kompyuta alikuwa hajapata kuigusa. Nilipomweleza kwamba kadi haina akili, alicheka sana, kisha akasema:

"Mpwa wangu, tafuta ile ya nje, yenye taa. Ofisini walikuwa nazo. Chenye taa hukwambia kinachokiuma."

Tulikwenda naye Kariakoo, kwa fundi mmoja wa redio na televisheni, tukaipata modemu ya nje, ya mtumba, pamoja na waya wake wa umeme, waya wa pini 9 wa kuchomeka nyuma ya kompyuta, na, bahati kubwa, kijitabu chake cha maelezo. Mjomba alilipa kwa fedha ya pensheni yake na hakuniruhusu nimtajie mama bei.

Safari hii Linux haikudai programu yoyote ya siri. Modemu ya nje ina akili yake, na kompyuta huiona kama mlango tu, mlango uitwao ttyS0, wa kupitishia amri na majibu. Katika Ubuntu mlikuwa na programu ya matayarisho, pppconfig, iliyouliza maswali kama karani wa dirishani: namba ya kupiga ni ipi, jina la mteja ni lipi, neno la siri ni lipi, modemu iko mlango gani. Baada ya hapo, amri ya kupiga ilikuwa herufi tatu tu, pon, na ya kukata ilikuwa poff. Amri ya tatu, plog, ilionyesha yote yaliyopita kati ya kompyuta na modemu, neno kwa neno. Hiyo ya tatu naiheshimu kuliko zote. Mashine isiyoficha maneno yake yaweza kutengenezwa na mtu maskini.

Nikaandika pon. Taa zikawaka, modemu ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Nikatazama plog, nikakuta maneno mawili ya Kiingereza: NO DIALTONE. Maana yake, modemu haisikii ule mlio wa simu unaokuruhusu kupiga. Nikajaribu tena na tena, jibu likawa lilelile. Mjomba akainua mkono wa simu, akausikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akanipa na mimi nisikilize. Mlio ulikuwapo, wazi kabisa.

"Mlio upo," akasema. "Ila hiki kitu kimezaliwa wapi?"

Nikageuza modemu, nikasoma chini yake: ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Mjomba akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. Akanieleza kwamba milio ya simu haifanani duniani. Wamarekani hutumia sauti mbili zilizochanganywa, moja ya mitetemo 350 na nyingine ya 440 kwa sekunde; nchi nyingi nyingine hutumia sauti moja tu, aghalabu ya mitetemo 425. Modemu ile ilikuwa ikingoja mlio wa kwao, na kwa kuwa wetu haukufanana na huo, ikaona hakuna simu. "Iambie isingoje mlio," akasema. "Ipige tu."

Yeye hakujua amri ya kuiambia hivyo, nami nisingalijua cha kutafuta. Tulikifungua kijitabu, nikatafsiri ukurasa kwa ukurasa, mpaka tukafika penye amri ATX3, iliyoelezwa kwamba huifanya modemu ipige namba bila ya kungoja mlio. Nikaiingiza mahali pa amri za matayarisho, nikaandika pon. Namba zikapigwa, upande wa pili ukaitika, jogoo akawika, mvua ikanyesha juu ya bati, kisha kimya. Katika plog ukatokea mwendo wa biti 31,200 kwa sekunde. Kipimo cha V.90, kilichokubaliwa mwaka 1998, kiliruhusu mpaka biti 56,000 za kuja, lakini mjomba alizitazama nguzo za mtaani kwetu dirishani, akasema tushukuru.

Sikumruhusu mama atamke barua huku simu imeunganishwa, kwa sababu kila dakika ililipiwa. Tuliandika simu ikiwa imekatwa, sebuleni, mlango umefungwa. Alichukua jioni tatu. Alieleza nani aliosha maiti, nani alitoa sanda, baba alisema nini usiku wa mwisho, na kwamba aliuliza habari za dada mara mbili. Mahali pengine alinyamaza hata nikadhani amemaliza. Mara moja aliniamuru nifute sentensi nzima, kisha asubuhi yake akaniambia niirudishe. Nilifanya yote mawili bila ya kuuliza.

Jioni ya tatu nikapiga. Kuunganishwa kulichukua kama nusu dakika. Barua yenyewe, iliyokuwa kurasa mbili za maandishi matupu, ilikwenda kwa sekunde mbili hivi. Mama hakusadiki. Alitaka kujua kama yote imekwenda, na lile alilolifuta na kulirudisha nalo pia.

Jibu lilikuja siku ya pili yake usiku. Lilikuwa refu kuliko barua yetu. Nilianza kulisoma kwa sauti pale pale, taa za modemu zikiwa bado zinawaka, lakini mama akanigusa bega, akaniuliza kama barua hukaa ndani ya mashine hata simu ikikatwa. Nikamwambia hukaa. Akaniambia nikate kwanza, kisha nianze upya, polepole.