Kumbe Dee Ni Mimi

Mwaka niliopata nafasi ya chuo kikuu, Bibi aliingia chumbani kwangu na futi yake ya kupimia shingoni, akaniuliza kitanda cha hosteli kina upana gani. "Futi tatu," nikamjibu, kisha nikashtuka, maana nilijua anachotaka. Kila mjukuu aliyeondoka kwake Tanga aliondoka na blanketi la viraka, lililoungwa kwa masalio ya kanga na vitenge vya wateja wake. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Bibi, usijisumbue bwana. Siku hizi watu wanatumia duveti. Hayo ya viraka yamepitwa na wakati."

Hakununa. Alisema tu, "Haya, mjukuu wangu," akaikunja futi yake.

Alifariki miaka tisa baadaye. Cherehani ikabaki kwenye kona ya baraza, imefunikwa kanga kuukuu. Baada ya arobaini, kaka yangu akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, kuna jamaa ana hoteli, anatafuta cherehani za zamani za kupambia mapokezi. Anatoa laki tatu. Tumpe?" Mmeziona hizo siku hizi: vichwa vyeusi vyenye nakshi za dhahabu vimepangwa rafuni kwenye mikahawa, miguu ya chuma imegeuzwa meza. Nikamjibu asithubutu. Nilijiona mlinzi wa urithi wa ukoo mzima.

Ni Singer ya mkono, ile ndogo, modeli 28. Namba yake inaanza na herufi Y, maana yake ilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mtoto wake bado anashona. Bobini yake si ya mviringo kama za sasa. Ni ndefu na nyembamba kama kijiti, inalala ndani ya kichuma chenye umbo la risasi kinachopiga pembea chini ya sindano, mbele na nyuma.

Nilipoikuta, mkono ulikuwa umekwama. Fundi wa mtaani akadondoshea mafuta ya taa kwenye matundu yake yote, akaiacha ilale. Kesho yake akaizungusha taratibu mpaka uchafu ukatoka, akaufuta, ndipo akatia mafuta ya cherehani. Sindano aliyoweka ni ya kawaida kabisa, ya duka lolote.

Chini ya kanga ile kulikuwa na mfuko wa rambo. Ndani yake, vipande vya mraba vya inchi nne na nusu, na safu tano zilizokwisha kuungwa. Kila safu ina vipande 12. Piga hesabu: kila kipande kikishashonwa kinabaki inchi nne, jumla inchi 48. Hicho ni kitanda cha futi tatu, pamoja na inchi sita za kuning'inia kila upande.

Alikuwa ameanza la kwangu. Nilimkatalia, naye akaanza hivyo hivyo.

Siku hizo nilikuwa narudia hadithi fupi ya Alice Walker, "Everyday Use", iliyotoka mwaka 1973. Mnaikumbuka: Dee, binti msomi, anarudi kwa mama yake kijijini akitaka mablanketi ya viraka ya bibi yake ayatundike ukutani. Mdogo wake, Maggie, angeyatumia kitandani mpaka yachakae. Mama anampa Maggie. Kila nilipoisoma nilimshangilia Maggie. Safari hii nikakwama kwenye jambo ambalo siku zote nililipita haraka: Dee alipokuwa anakwenda chuo, mama alitaka kumpa blanketi mojawapo, naye akalikataa, eti ni la kizamani.

Nikafunga kitabu. Yaani miaka yote nilikuwa nasoma habari zangu.

Basi nikaanza kushona. Kwa kazi hii, mashine ile ni mwalimu mzuri. Inashona mshono mmoja tu, wa moja kwa moja, na tundu la sindano ni dogo, kwa hiyo kona ya kitambaa haimezwi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza. Huwezi kukimbia. Hairudi nyuma kufunga mshono, wala hakuna haja, kwa sababu mshono unaofuata utapita juu yake na kuufunga.

Tatizo lilikuja nilipolaza safu yangu juu ya za Bibi. Zake zilikuwa pungufu kwa karibu inchi moja na robo tatu. Mshono wa viraka unatakiwa ule robo inchi. Ukizidi milimita mbili tu, unaila kila upande, na safu ya vipande 12 ina mishono 11, kwa hiyo milimita 44 zinapotea. Macho yake yalikuwa yameshachoka na sisi hatukujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anatazama anachoshona.

Nilichukua kifumulio, nikakata nyuzi mbili za mshono wake wa kwanza. Nikakirudisha mezani. Nikatafuta kitenge cheusi, nikaongeza ukanda mwembamba kila mwisho wa safu zake ili zifikie zangu. Viungo vyetu havikutani. Ukilitazama utaona wazi yeye aliishia wapi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kaka, nimejiandaa kumsomea somo la kuuza urithi. Sebuleni wanawe walikuwa wamelala chali wanaangalia katuni, chini yao blanketi lake la viraka, limepauka, limetoboka, lina doa la chai.

"Hili bado unalo?" nikamuuliza.

"Sasa ningelipeleka wapi?" akasema. "La kwako liko wapi?"

Nikamwambia nimebakiza safu nane.