Bahari ya Lita 120

Machi 2020 hoteli niliyokuwa nikisafisha vyumba katikati ya Stockholm ilibaki bila wageni. Sheria ya kazi ya Sweden ni kwamba kazi ikipungua, aliyeajiriwa mwisho hutangulia kutoka, na mimi nilikuwa wa mwisho. Nikarudi nyumbani Hallunda kwa treni ya mchana, mabehewa matupu, nikiwaza kodi ya nyumba na ahadi niliyompa mwanangu wa miaka 9: mama akipata mshahara wa kudumu, tutafuga samaki wa baharini.

Ahadi yenyewe ilitoka mbali. Baba yangu ni mtu wa Shimoni, Kwale, na alikuwa mvuvi, ila hakuvua samaki wa kula. Alivua samaki wa mapambo. Alizamia na vyavu viwili vidogo, akawatoa mmoja mmoja kwenye matumbawe, nje ya mipaka ya hifadhi ya Kisite, kisha wakatiwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni, mifuko ikapangwa kwenye maboksi ya povu, wakapanda ndege kwenda Ulaya. Utotoni sikuwahi kujiuliza huko Ulaya wanakaa wapi.

Desemba ilipofika, jua likizama kabla ya saa tisa alasiri na simu ya kuitwa kazini haijalia, nilimtazama mtoto akitazama ukuta. Nikaamua. Nilinunua tangi jipya la lita 30 kwa hesabu yangu ya kimaskini: tangi dogo, gharama ndogo.

Hata chumvi nilitaka ya bure. Nilibeba madumu mawili nikapanda treni hadi Nynäshamn, kwenye Bahari ya Baltiki, nikachota maji, nikayaonja. Msomaji, mimi nimezaliwa pwani. Maji yale yalikuwa kama ya kuchemshia mihogo, chumvi ya kubahatisha. Baadaye nikajifunza kwamba Baltiki ya upande huu ina chumvi ya gramu 6 hivi kwa lita, na Bahari ya Hindi ina 35. Niliyamwaga palepale, wazungu wawili wenye mbwa wakinishangaa. Nikaenda kununua chumvi ya kopo.

Siku ya nne nilitia samaki wawili. Siku ya kumi na moja hakuwapo hata mmoja. Mwanangu hakulia, alikwenda chumbani akafunga mlango, na afadhali angelia.

Nilidhani ni mkosi, kumbe ni hesabu. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuota kwenye mawe. Mimi niliwapa siku 4. Tena tangi lilikuwa karibu na kipasha joto cha chumba. Maji hukauka, chumvi hubaki. Lita 2 zikikauka ndani ya lita 30, chumvi inapanda kutoka gramu 35 hadi 37 na nusu. Ndani ya lita 120, lita 2 hizohizo zinaifikisha 35.6 tu.

Aliyenifungua macho ni jirani wa ghorofa ya chini, mzee kutoka Uvira, anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni kwake. Alilitazama tangi langu, ambalo wakati huo mwanangu alikuwa akilitumia kuwekea penseli, akatikisa kichwa: “Dada, maji kidogo haina huruma.”

Nikakaa miezi minane bila kununua kitu. Nilipata kazi ya usiku ya kuhudumia wazee, nusu wiki, na kila mwezi nikaweka krona 200 ndani ya kopo la majani ya chai. Majira ya kupukutika majani ya 2021 nikapata tangi la mtumba la lita 120 pamoja na meza yake, Fittja, krona 700. Gari sina. Meza aliichukua mzee kwa mkokoteni. Tangi tulilifunga blanketi, tukalilaza juu ya kigari cha mtoto tulichoazima, tukapanda treni: Fittja, Alby, Hallunda. Bibi mmoja alichungulia amwone mtoto.

Likijaa, tangi hilo na mawe yake hupita kilo 150, kwa hiyo nililiweka kando ya ukuta wa zege, mbali na kipasha joto. Maji ya bomba ni sehemu ya kodi yetu, na mtambo wa kuyasafisha, ule wa Norsborg unaotumia maji ya ziwa Mälaren tangu 1904, uko jirani. Nikanunua kichujio cha mtumba, chumvi kilo 4 na ushei kwa kujaza mara ya kwanza, mawe makavu. Matumbawe niliyaacha, yanadai taa kali, na umeme nalipa mwenyewe. Kisha nikangoja wiki 7, maji matupu yakizunguka. Mwanangu alipima amonia kila Jumamosi na kuandika ukutani. Wiki hizo ndizo alizoanza tena kunisimulia mambo ya shule.

Umeme ulipopanda katika baridi ya 2022, karibu niuze kila kitu. Badala yake nilifunika pande tatu za tangi kwa mbao za povu, kama yale maboksi ya baba, na joto likashika nyuzi 25 bila mashine ya kupasha maji kuwaka kutwa. Hilo sikulisoma popote.

Samaki wetu wa kwanza aliyedumu ni wa hudhurungi, mistari miwili myeupe na mkia mweupe, krona 350. Nilimpigia baba simu ya video nikaielekeza kwenye kioo. Alimtambua kabla sijasema neno, akanitajia mwamba aliokuwa akiwakuta. Akauliza bei. Nilipombadilishia kwa shilingi alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

“Mpe chakula kidogokidogo, mwanangu,” akasema mwishowe, “huyo hapendi kelele.”

Yupo mpaka leo. Asubuhi hii chumvi ilikuwa 35.